Gari Lililomtosha Binti Yetu

Mwaka ambao binti yetu alitimiza miaka tisa ndio mwaka ambao mgongo wangu uligoma. Binti yetu hajawahi kutembea. Alizaliwa kwa shida na miguu yake haikupata nguvu, lakini mikono anayo, maneno anayo, na hasahau ahadi hata moja uliyompa. Tangu akiwa mdogo nilimbeba mgongoni kwa leso, kutoka nyumba yetu ya kupanga pale Kiganjo hadi kliniki ya mazoezi mjini Thika, mara mbili kwa wiki. Alipofika miaka tisa, magoti yake yalikuwa yakinigonga mapajani nikitembea. Siku moja niliinama kumshusha nikashindwa kuinuka, nikabaki nimeshika ukuta. Mama anayemfanyisha mazoezi aliniambia kwa upole kwamba mtoto huyu sasa amenizidi, na tutafute njia nyingine kabla kliniki haijawa na wagonjwa wawili kutoka nyumba moja.

Njia nyingine ilikuwa gari. Mume wangu anafanya kazi katika kiwanda cha nguo, na mimi ni mshonaji, nina kibanda hatua chache kutoka mlangoni petu. Tulikuja huku kutoka magharibi tukiwa vijana, tukaweka akiba kidogo kidogo ili siku moja tujenge nyumbani kwao mume wangu. Tuliongea jioni moja tu, tukakubaliana kwamba nyumba itangoja. Yeye alikuwa na leseni kwa sababu ya mashine ya kuinulia mizigo anayoiendesha kiwandani. Kuhusu magari, hapo ndipo ujuzi wetu uliishia.

Nilijua jambo moja ambalo wauzaji hawakulijua. Jirani alikuwa ametupa lifti mara kadhaa kwa gari lake dogo la chini, na kumtoa binti yangu mle ilikuwa kama kumtoa shimoni. Kaka wa mama mchungaji wa kanisa letu naye alitubeba kwa gari lake kubwa, na kumpandisha ilikuwa kama kurusha gunia kwenye lori. Nilitaka yale ya katikati, yale madogo yaliyoinuka kidogo ambayo familia nyingi huku hununua yakiwa yameshatumika. Kiti kiwe sawa na nyonga yangu. Buti imeze kiti chake cha magurudumu bila mtu kufungua hata skrubu moja. Nilikipima kiti kile kwa tepu yangu ya kushonea na kuandika vipimo nyuma ya kadi ya kliniki.

Tulizunguka yadi za kuuzia magari za Ruiru Jumamosi tatu. Kila mahali muuzaji alimwendea mume wangu na kumweleza habari za injini na mafuta, naye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Mimi nilizunguka nyuma na kuingiza tepu kwenye buti. Mmoja aliniuliza kama nataka kulishonea gari nguo. Mume wangu alicheka kidogo, kwa adabu. Magari yale yalikuwa yameoshwa yakang'aa mpaka ukiinama unajiona, na harufu ya marashi ndani ilimfanya binti yangu apige chafya. Hakuna lililomtosha. Moja lilikuwa na buti nzuri lakini mlango wake haukufunguka vya kutosha. Jingine kiti kilikuwa juu mno.

Ndipo fundi wetu akatuambia kuhusu gari moja Mwiki. Fundi huyu ni mzee wa Thika, mtu wa maneno machache, ambaye tulikuwa tumemwomba atukagulie chochote tutakachopata. Alisema kuna mwalimu mstaafu anayeuza, wanafahamiana kupitia kanisa, macho yamemlegea na hawezi kuendesha tena. Gari la mtu mmoja, alisema, si la kupita mikono mingi.

Tulifika asubuhi kwa pikapu ya fundi. Gari lilikuwa uani chini ya turubai, rangi ya kijivu. Mwalimu alitupokea akitutazama kidogo pembeni, jinsi watu wasioona vizuri wanavyotazama. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti na kusema injini imewashwa kabla hatujafika. Mwalimu akasema alikuwa amelipasha moto kidogo, betri isilale. Fundi akavaa ovaroli yake, akalala chini, na kwa muda mrefu tukaona viatu vyake tu.

Mimi nilipima buti. Kiti cha magurudumu kiliingia kizima, ikabaki nafasi ya mkoba. Kisha nikafungua mlango wa nyuma na kumsukuma binti yangu karibu, nikijiandaa kuinama.

Akaniambia ningoje. Aliweka mkono mmoja kwenye kiti cha gari na mwingine kwenye mpini ulio juu ya mlango, akajivuta. Nusu ya mwili ikaingia. Akapumzika, uso umejaa jasho, akajivuta tena. Kisha akavuta miguu yake ndani kwa mikono, mmoja baada ya mwingine, akaitafuta mikanda na kuifunga.

"Mama," akasema, "nimeingia."

Miaka tisa hakuwahi kuingia mahali popote bila kuinuliwa, hata kitandani. Mume wangu aligeuka akawa anatazama ukuta wa jirani. Mwalimu, ambaye hakuona vizuri lakini alisikia, aliuliza mtoto ana miaka mingapi, nikamwambia.

Tuliliendesha kujaribu, mume wangu kwenye usukani, fundi kando yake, sisi wawili nyuma. Barabara ya vumbi ilipita vizuri. Kwenye mlima mdogo gari lilisita, likatikisika kama mtu aliyepaliwa, kisha likaendelea. Binti yangu alikuwa amefungua dirisha na kutoa mkono nje. Hakusikia chochote.

Tuliporudi, fundi alituita pembeni ya tangi la maji. Alisema injini ni nzuri na bodi haijagongwa, lakini giaboksi inachoka.

"Inaweza kwenda mwezi, inaweza kwenda mwaka," akasema. "Mimi nimewaambia. Gari ni yenu."

Giaboksi nyingine hatungeweza kuinunua. Hilo tulilijua wote wawili bila kulisema. Lakini mume wangu alilitazama gari, na binti yake ndani yake, akasema tulichukue. Nikamkumbusha maneno ya fundi. Akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

"Hata kama ni mwezi. Mwezi mmoja aingie mwenyewe."

Nikaenda nikasimama kando ya mlango wa binti yangu.

Mke wa mwalimu alikuwa ametuandalia chai, akaniomba nimsaidie kubeba vikombe. Jikoni alifunga mlango. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kilemba kichwani. Alisema ameniona dirishani nikimtoa mtoto kwenye pikapu ya fundi. Halafu akaniambia. Wakati wa mvua kubwa za mwaka uliopita gari lilikuwa kwa mtoto wao wa kiume, maji yakaingia mpaka kwenye viti. Lilianikwa, likabadilishwa mazulia, likarudishwa kwa mzee. Tangu hapo lilikuwa limezima mara mbili likiwa linakimbia kwenye barabara kubwa, usukani ukawa mgumu na breki zikakataa. Mara ya pili yeye mwenyewe alikuwa ndani.

"Mzee wangu si mtu mwongo," akasema. "Ni macho. Anataka afanyiwe upasuaji kabla hayajazima kabisa. Lakini siwezi kukuona ukimweka huyo mtoto ndani na ninyamaze."

Nilimshukuru. Akanishika mkono.

"Usimwambie mtu kwamba ni mimi. Hata bwana yako. Atampigia mzee simu, na mimi ndio nitabaki hapa naye."

Nikamwahidi, nikamwachia namba yangu ya simu. Nilimwita shosho, yaani bibi kwa lugha ya huku, na kumwambia asiwe na wasiwasi, kisha nikabeba vikombe.

Nje nilimwambia mume wangu silitaki gari hili. Aliuliza kwa nini. Nikasema ni ile giaboksi. Akasema giaboksi tumeshaiongea. Nikasema basi silitaki tu, na nikaona akinitazama kama mtu asiyenijua, kwa sababu katika ndoa yetu sijawahi kusema silitaki tu. Mwalimu alikuwa amesimama hapo kikombe mkononi, akigeuza kichwa kufuata sauti zetu. Mke wake alikuwa anapanguza meza isiyo na uchafu.

Binti yangu alikataa kushuka. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alishika mkanda kwa mikono miwili na kuuliza kama tumenunua. Baba yake akamwambia aniulize mimi.

Nilimfungua vidole kimoja kimoja. Nilimbeba mpaka kwenye pikapu, na njia nzima kurudi Thika aliweka uso wake dirishani upande usio wangu. Fundi aliongea habari za mvua.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu nyingi. Mume wangu alinisaidia kumbeba bila kuombwa, akaniuliza kama nimekula, na hakuuliza lolote lingine. Nilikaa kibandani nikikanyaga cherehani, nikifikiria namna ya kumwambia bila kumvunjia yule mama ahadi, na kila namna niliyoipata ilikuwa ni kuvunja.

Baada ya wiki mbili yule mama alinipigia. Gari lilikuwa limeuzwa. Walikuja mtu na mkewe, mapacha wachanga mikononi, na yeye alikuwa ameenda mazishi ya jirani. Aliporudi turubai lilikuwa limekunjwa. Hakujua majina yao wala wanakoishi. Alilia kwenye simu, nami nikasimama katikati ya kibanda na nguo ya mtu mkononi.

Jioni hiyo nilimwambia mume wangu kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningempigia mzee, na asingethubutu kuliuza."

Ni kweli. Alimpigia mwalimu, ambaye alisema wanunuzi walilichukua wakiwa wameridhika, akakata simu. Fundi aliuliza kanisani, hakuna aliyewajua. Kwa miezi mingi nilipoona gari la kijivu la aina ile njiani nilitafuta viti vya watoto nyuma. Yako mengi sana. Mara moja nilimsimamisha mwanamke aliyekuwa akiegesha sokoni, nikamuuliza alilinunua wapi, na alifunga dirisha akaondoka.

Gari letu tulilipata karibu mwaka mmoja baadaye, kwa mkulima wa Theta aliyekuwa akihamia kwao. Ni aina ileile, jekundu, limechakaa, na lilikuwa na matope ya shambani mpaka kwenye dashibodi. Fundi alilikagua kutwa nzima. Aliliacha lipoe usiku kucha akarudi kuliwasha likiwa baridi. Akainua mazulia yote, akanusa, akaliendesha mwenyewe mpaka mjini na kurudi. Kisha akasema tunaweza.

Binti yetu alikuwa na miaka kumi sasa. Alikuwa amerefuka na kuongezeka uzito, na mama wa mazoezi alikuwa ametueleza kwamba nyonga zinakaza jinsi mtoto anavyokua, na kwamba si kosa la mtu. Nilisukuma kiti chake mpaka mlangoni na kurudi nyuma hatua mbili, nikangoja. Alishika kiti, akashika mpini. Akajivuta. Akarudi chini. Alijaribu mara tatu, na mara ya tatu mkono ulitetemeka mpaka ukaachia wenyewe.

Baba yake alianza kusema kitu. Binti yangu akanitazama mimi.

"Nibebe tu, Mama."

Nikambeba. Kiti ni sawa na nyonga yangu, kama nilivyotaka, kwa hiyo siinami, na mgongo hauumi sana kama zamani. Anapenda kukaa upande wa dereva, nyuma ya baba yake, ili amwambie apunguze mwendo. Jumanne na Ijumaa tunaenda kliniki. Fundi anasema shokamzoba za nyuma, zile zinazopunguza mtikisiko, zibadilishwe kabla ya mvua, nasi tumemwambia aje wiki ijayo.