Siku Nilipoulizwa Kama Namjua Faustin

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na udongo mwekundu wa Bunia ulinata kama ugali wa muhogo. Nilitoka mtaa wa Bigo miguu mitupu. Viatu nilivibeba ndani ya sashe ya plastiki nivivae mlangoni, na tai niliyoazima kwa katekista ilikuwa imekunjwa mfukoni. Usicheke. Wewe kesho utakwenda kuulizwa maswali ya kazi ukiwa juu ya pikipiki, shati limepigwa pasi. Sisi wakati ule wa vita tulikwenda hivyo, na tukajiona mabwana.

Kampuni moja kubwa ya wahasibu ilikuwa imemtuma mtu wake kwa ndege ndogo. Walitaka mhasibu mmoja, mmoja tu. Atakayechaguliwa angepelekwa Kisangani yeye na mke na watoto. Sitakudanganya, mshahara hata sikuuwaza. Niliwaza viti vya ndege. Mke wangu Jeanne alikuwa amekonda, na binti yetu Neema, aliyekuwa na miaka mitatu, alikimbilia chini ya meza kila mtu alipobisha hodi. Hata akibisha jirani anayeomba chumvi, mtoto alikuwa chini ya meza.

Habari ya kazi hiyo sikuipata mwenyewe. Aliniletea Faustin.

Ngoja nikueleze Faustin ni nani. Tulifundisha pamoja sekondari ya Fataki, tukagawana masomo ya uhasibu, yeye madarasa ya chini, mimi ya juu. Alikuwa mrefu, mpenda mzaha, na akiandika ubaoni alijisahau akajipaka chaki hadi masikioni. Kabila lake silo langu. Kabla ya vita hilo halikuwa neno. Neema alipozaliwa, Jeanne aliugua na maziwa yakakauka. Mke wa Faustin, Alphonsine, alikuwa na mtoto mchanga wake. Akamchukua na wa kwetu, mmoja ziwa la kulia, mwingine la kushoto, miezi saba, wala hatukumwomba. Alikuja tu, akanyoosha mikono.

Kisha Fataki ikachomwa. Tulikimbilia Bunia, kila mmoja na watu wake, mimi nikafikia Bigo, yeye ng'ambo ya mto. Mji ulikuwa umegawanyika. Mtu akionekana na mtu wa upande wa pili, watu wake mwenyewe walimwita msaliti, na jina hilo lilikuwa linaua. Basi mimi na Faustin tukapatana kwamba barabarani hatusalimiani. Tukikutana, kila mmoja ataangalia mambo yake. Salamu zetu tulizipeana Jumapili nyuma ya sakristia, haraka haraka, kama wezi. Ni hapo alipoinama akaniambia, "Gaspard, iko kazi. Nafasi ni moja tu. Tuende siye wawili, Mungu atachagula."

Mtu mwingine angeificha habari ile, mwanangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu miaka mingi, na kumbe mwalimu mwenyewe hakuwa ameielewa.

Tulifika parokiani, mahali pa kuulizwa maswali, kila mtu kwa njia yake. Tulikuwa kumi na wanne. Jaribio la maandishi likatuchuja, na ilipofika saa sita tulibaki wawili, Faustin na mimi. Aliyetuuliza maswali alikuwa mama wa Kisangani, Madame Béatrice, mtu mzima mwenye mvi, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Aliniita wa kwanza. Chumbani tulikuwa yeye na mimi, na meza kati yetu.

"Sababu gani uliacha kazi yako ya mwisho?" alisoma kwenye fomu.

"Shule ilichomwa, Madame."

Alivua miwani akaifuta. "Pardon, Mwalimu. Hii fomu iliandikiwa watu wa mahali kwenye iko salama."

Nikampenda kwa neno lile. Tukaendelea vizuri, nikajibu yote ya kazi bila kukwama. Mwishoni akaniuliza, kama anayeuliza habari za mvua, "Na ule mwenzako mwenye iko pale inje, unamujua?"

Ningependa kukuambia kwamba niliogopa bunduki. Ndivyo nilivyojiambia kwa muda mrefu. Lakini chumbani hamkuwa na bunduki. Nilichoogopa ni kwamba kampuni imekuja na upande wake katika vita, na kwamba kivuli cha Faustin kingenikosesha vile viti. Wala sikufikiri sana. Mdomo ulikuwa umeshazoea.

"Simujui, Madame. Nimemuona leo tu."

Akaandika. Nikatia sahihi.

Sasa sikiliza, maana hapa kuna jambo la kazi yetu ambalo wewe umelisoma shuleni, na mimi nilikuwa nimelifundisha. Mhasibu wa kukagua haamini kinywa kimoja. Mtu akisema alituma mahindi Mahagi, unakwenda Mahagi kuuliza kama yalifika, na huwaambii wa huko ulichosikia huku. Ukimaliza, unaweka majibu mawili pamoja. Nililijua hilo kama jina langu, na bado sikutambua kwamba mle chumbani mahindi yalikuwa mimi.

Faustin akaingia, akakaa kitambo, kisha tukaitwa wote wawili. Madame Béatrice alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Yangu ilikuwa na mstari mmoja. Ya Faustin nilijisomea mwenyewe, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Ule ni ndugu yangu. Tulifundisha pamoja ku Fataki. Bibi yangu alinyonyesha mutoto wake. Ni mutu wa kweli."

"Moja ya hizi karatasi iko na uongo," Madame alisema. "Ni gani?"

Faustin aliinama akasoma yangu. Mstari mmoja, lakini alikaa nao kama anayesoma barua ndefu. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakunitazama. Akainua kichwa akamwangalia yule mama.

"Ni yangu, Madame," akasema. "Nilimufananisha. Mutu mwenye niliwazia ni mwingine. Pengine alishakufa."

Mwanangu, nimezika wazazi wangu wote wawili, na hakuna siku iliyoniuma kama dakika ile. Madame alikuwa ameshika kalamu, haiandiki. Akanigeukia. "Mwalimu, weye uko na neno?"

Nilikuwa nalo. Lilinijaa kinywani. Nikamfikiria Neema chini ya meza, nikasema, "Hapana, Madame."

Faustin akamuaga yule mama kwa heshima, akatoka. Kesho yake nilipewa kazi, na wiki haikwisha tukapanda ndege. Neema alifurahi sana. Mimi niligeuza uso ili Jeanne asiniulize kitu, na hakuniuliza, ila kule Kisangani kila Jumapili alisema, "Sijui Alphonsine wanaendelea aje." Nikajifanya ninatafuta viatu.

Baada ya mwaka hivi Madame Béatrice alikuwa anastaafu. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Nilijua tangu ile siku, Gaspard," alisema. "Mutu hawezi kufananisha mutoto mwenye bibi yake alinyonyesha. Ule mwenzako alikuona unazama, akakuachia ubao. Nilikungojea na kalamu mukononi. Ungesema neno moja tu, ningeandika majina yenu yote mbili, nipiganie nafasi ya pili. Ulinyamaza. Na miye nikafuata karatasi, sababu karatasi yake yeye mwenyewe aliifuta. Zambi ni ya siye wawili. Lakini miye sikukula kwa mukono wa bibi yake."

Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye akaniacha nilie, hakunipa hata kitambaa.

Njia zilipofunguka nilirudi Bunia. Nikaenda moja kwa moja ng'ambo ya mto. Nyumba yao walikaa watu wengine. Jirani wa kushoto akasema walishuka Kasenyi wakavuka ziwa kwenda Uganda. Jirani wa kulia akasema hapana, walirudi milimani, Kpandroma. Nilikwenda Kpandroma siku ya soko, nikauliza kwa wauza viazi, kwa padri, kwa walimu. Nilivuka ziwa mara mbili. Kazi yangu ilikuwa kutafuta ukweli kati ya majibu mawili, na hilo moja limenishinda. Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu huyo namlea hadi leo.

Neema alipoolewa, upande wa mume walileta kikwembe cha mama, kitenge cha kumshukuru mzazi, kama desturi. Jeanne akasimama mbele ya watu akasema, "Mutoto huyu ni wa maziwa ya mama wawili. Mulete kingine." Wakaleta. Hicho cha Alphonsine kipo kabatini, hakijakunjuliwa. Kuna jioni ninatamani kumsikia Faustin akicheka tu, hata kama ananicheka mimi, hata kama ananitukana. Namkumbuka mwanaume yule kuliko ninavyowakumbuka ndugu wa tumbo moja.

Basi shika haya kabla hujavaa hiyo suti. Watakuuliza hesabu, na hizo unazijua, sina wasiwasi. Lakini ipo siku, pengine kesho, pengine ukiwa na cheo, utaulizwa kama unamjua mtu fulani, na kumjua kutakuwa na gharama. Jibu kwanza ndiyo, gharama uifikirie baadaye. Na kama umeshakosea, na mtu amekungojea na kalamu, usiseme huna neno. Uongo wa kwanza ni wa hofu, Mungu ataupima. Kunyamaza kwa pili ni kwako mwenyewe. Tena mdomo hufuata mazoea, mwanangu. Ukiuzoeza kumkana mtu barabarani, hata kwa kupatana, hata kwa sababu nzuri, siku moja utamkana mezani bila kutetemeka.

Umesema kazi yenyewe itakuzungusha hadi Uganda. Huko ukikutana na mwalimu mrefu wa Fataki aitwaye Faustin, mume wa Alphonsine, usimweleze habari zangu nyingi. Mwambie yuko mzee Bunia ambaye ameulizwa tena, na amejibu kwamba anamjua, ni ndugu yake.

Mungu akutangulie, akufungulie milango, akupe kazi ya kukutunza na marafiki wa kukuzidi. Na siku ya kuulizwa, sauti yako isikupotee.