Kila Gari na Daraja Lake

Mwanangu, ujumbe wako wa jana umenirudisha kwenye siku moja hapahapa Sanyuanli, huku kwa Wachina, masoko yakifungwa kwa mwaka mpya wa Wachina. Nilikuwa nimelikalia begi langu ili zipu ifike mwisho. Nilikuwa narudi Dar, nisije tena. Rukia, niliyekuja naye kununua vitambaa, alikuwa anajaza kontena lake mwenyewe, na mimi bado naomba nafasi ya kiroba kwenye mizigo ya watu. Nilimwonea wivu, kwa nini nikufiche? Mabosi wa soko la vitambaa la Zhongda nikiwaomba mita chache tu, wananijibu "meiyou", hakuna, huku robota zimejaa hadi darini.

Chumba cha pili alikaa Mama Ngoie, Mkongo wa Lubumbashi, mtu mzima aliyependa vitu viwili: kanisa na mbio za magari. Mwanawe alikuwa fundi wa matairi kwenye timu ndogo huko Marekani, akimtumia mama yake sidii za mashindano yao. Aliponiona na begi akanivuta mkono.

"Kuya uangalie kwanza. Valise haina miguu."

Nikakaa kwa adabu tu. Gari la buluu la kina mwanawe likapitwa, likapitwa tena, na yeye anapiga makofi! Nikamwambia, "Mama, mbona mnashindwa?"

"Nani alikuambia? Ile yenye kupita haiko ya klasi yetu. Batu banakimbia barabara moya, lakini kila klasi iko na mushindi yake. Na weye, kwa nini unashindana na Rukia? Uko klasi gani?"

Nikamuuliza hizo klasi, yaani madaraja, ni nini. Akanieleza kwamba zamani waligawa magari kwa ukubwa wa injini, kisha magari yaliyoundwa kwa mbio tu yakawekwa juu ya yale yanayofanana na ya dukani. Daraja la juu kabisa likaja kufutwa, jingine likazaliwa. Hata timu ya mwanawe ilifutiwa daraja lake, mafundi wakadhani wamekwisha. Walibadilisha gari, wakarudi katika daraja jingine.

Nikalifungua begi. Vitambaa nikamwachia Rukia, nikaanza kununua lesi na vifungo vya mafundi wa magauni ya harusi, vitu ambavyo wenye makontena hawavitazami. Mabosi walewale wa "meiyou" wakaanza kuniita kwa jina, tena kwa kulikosea.

Halafu zikaja simu hizi zenu. Mafundi wangu wakaagiza wenyewe kutoka vitandani mwao, na mimi nikalia, mwanangu. Nilimpigia Mama Ngoie, aliyekwisharudi kwao. Akacheka! Huko Marekani nako mashindano mawili makubwa ya magari yaliyokuwa hayaelewani yalikuwa yameungana, na madaraja mengine yamekatwa. "Banakata tena," akasema, "lakini mutoto yangu angali anafunga matairi."

Basi nikawa jicho la wale wanaoagiza kwa simu. Naenda kiwandani, naishika lesi, naipeleka dirishani nione rangi yake ya kweli kabla hawajalipa. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha leo. Na juzijuzi Mama Ngoie amenitumia sauti akipiga kelele za furaha: lile jina la daraja la juu, lililozikwa miaka mingi, limerudishwa, limepewa magari mapya.

Sasa wewe unaniambia biashara ya makava ya simu imekufa, na unatafuta tiketi ya kurudi nyumbani. Usijipime kwa gari lisilo la daraja lako. Litakupita kila siku na halishindani na wewe. Na daraja lako likifutwa, usidhani umefutwa wewe. Kaa chini, tazama gari lako linaweza kuingia wapi, ulibadilishe bila aibu. Kesho twende wote sokoni Liuhua, tutembee, tutazame.

Mwenyezi Mungu akuonyeshe njia yako, akupe nguvu ya kuanza upya kila utakapolazimika, na mimi anipe uhai nikushangilie. Njoo jioni hii tunywe chai. Begi liache hukohuko, halina miguu.