Pombe ya Mchele ya Mama Waceke

Siku hizi watu wa Eldoret wakimtaja Mama Waceke husema, "Yule mwenye ng'ombe wengi kule Burnt Forest." Mimi huwasikia nikacheka, kwa sababu nilimjua akiwa hana hata kuku, na nilikuwepo siku aliyolipata shamba lile. Wanaosema alitumia uchawi ni waongo. Alitumia samaki, wali na pombe, na kichwa chake kigumu.

Mimi naitwa Akello. Mwaka wa sabini na moja nilikuwa nafua nguo katika nyumba ya Bwana Kitamura, fundi wa Kijapani aliyeletwa kufunga mitambo ya kiwanda cha nguo. Mama Waceke alikuwa mpishi. Alitoka Nyeri wakati wa Hali ya Hatari, baada ya mumewe kuchukuliwa na askari asirudi tena, na tangu hapo alikuwa amewapikia wazungu watatu wa Uasin Gishu, mmoja baada ya mwingine. Uhuru ulipokuja wazungu wakafunga masanduku, yeye akabaki na sufuria zake. Hakujaliwa mtoto; Waceke ni jina lake mwenyewe. Wala hakuwa mtu wa kulialia. Ukimwonea huruma alikuambia ujionee mwenyewe kwanza.

Bwana Kitamura alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini hivi, na kwetu alikuwa anakonda. Nyama ya kuchoma aliila kwa adabu, kama mtu anayemeza kwinini. Siku moja nilikuwa nimechemsha omena zangu, yaani dagaa wa ziwani, nyuma ya nyumba, zile nilizotumiwa na ndugu zangu wa Kisumu. Akatoka nje, akasimama juu ya sufuria, akanusa, na machozi yakamtoka waziwazi.

"Nyumbani," akasema. "Hii, supu ya mama."

Ndipo tulipojua kwao. Kwao ni kijiji cha wavuvi katika rasi iitwayo Noto, ambako nyumba za mbao hugeuzia bahari mgongo kwa sababu ya upepo. Wanawake hukausha samaki wadogo juani na kuwafanya mchuzi ambao haukosekani siku hata moja. Baridi ikianza, wanaume huacha nyavu, huenda miji ya mbali kupika pombe ya mchele wanayoiita sake, na hurudi theluji ikiyeyuka. Baba yake alikuwa fundi mkuu wa pombe hiyo.

Mama Waceke, kama Wakikuyu wengi wa rika lake, hakula samaki. Kwake samaki alikuwa nyoka tu, ila hajui kutambaa. Lakini alikuwa mpishi, na mpishi wa kweli hapendi kuona mtu anakonda mbele yake.

"Mtu mzima analia juu ya omena?" akaniuliza. "Haya, nifundishe. Lakini usiniambie nionje."

Akajifunga leso puani, akajifunza. Ndani ya miezi sita alijua kupika supu ya omena, kumpaka ngege, samaki mpana wa ziwani, chumvi na kumchoma na kichwa chake, na kumfukia katika mtungi wa pumba za mchele na jiwe juu hadi aive kwa kuchacha. Harufu ya mtungi ule ilinifanya nianike nguo upande wa pili wa nyumba. Kitamura alinenepa.

Kisha likaja la pombe. Kitamura aliletewa na posta kipakiti cha unga wa kijani, mbegu za ukungu unaoulainisha mchele. Mchele niliuleta mimi kutoka Ahero. Julai ile Eldoret ilikuwa na baridi ya kuumiza meno, na Kitamura akafurahi, akasema sake hupenda baridi. Tatizo lilikuwa moja. Zamani za baba yake mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga nyumba ya pombe. Alipolisema hilo, Mama Waceke akacheka mpaka akashika meza.

"Hata kwetu ni hivyo hivyo. Wanawake tunaponda miwa, wanaume ndio wanapika. Sasa Bwana, kwenu ni mbali, na Nyeri ni mbali. Nani atakuja kutukataza?"

Mikono ya Kitamura mwenyewe ilikuwa ya chuma na grisi. Basi Mama Waceke ndiye aliyeuanika mchele uliopikwa kwa mvuke, akaukandakanda usiku na mchana, akaufunika kwa blanketi ulipopoa na kuufunua ulipopata joto. Kisha akautia kwenye pipa la maji, akawa anatega sikio hapo na kuniambia, "Bado inanung'unika." Ilipotulia, akaikamua kwa kitambaa. Kitamura alionja, kisha akamwinamia mpishi wake mpaka kiunoni. Mimi nilionja mara tatu, na tangu siku hiyo sijadharau mchele.

Wakati huo wote Mama Waceke alikuwa na jambo moja rohoni. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha Wakikuyu kilichonunua shamba la mzungu mmoja karibu na Burnt Forest. Hisa yake alikuwa amemaliza kuilipa kabla ya wanaume wengi. Lakini siku za kugawa vipande zilipokaribia, baadhi ya wanakamati wakaanza kusema mwanamke asiye na mume wala mtoto wa kiume hawezi kupewa ardhi kwa jina lake. Aandikishe kipande kwa jina la mwanamume. Hata jina walikuwa nalo: Johnstone, mpwa wa mwenyekiti. Neno la mwisho lilikuwa la mwenyekiti mwenyewe, Mzee Ephantus.

"Wakiandika Johnstone," Mama Waceke aliniambia, "nitakuwa mpishi mpaka nife." Hapo ndipo nilipomwona akiogopa, na ni mara moja tu.

Desemba tarehe tano Kitamura akatuambia kuna mgeni mkubwa. Akatueleza vizuri, na tukaelewa vizuri. Huko kwao, mavuno yakiisha, mwenye nyumba huvaa nguo zake za heshima, huenda shambani kumwalika mwenye mpunga, yaani roho ya shamba, huja naye nyumbani, humpeleka kuoga maji moto, kisha humwandalia karamu. Haonekani kwa macho. Tena yeye mwenyewe haoni, maana macho yake yaliumizwa na masuke, kwa hiyo lazima umtajie kila chakula kilicho mbele yake. Na si mmoja. Ni wawili, mume na mke, kwa hiyo huandaliwa sahani mara mbili.

"Mimi ni mtu wa kanisa," akasema Mama Waceke. "Lakini kupika nitapika."

Akapika siku nzima. Wali wa maharagwe mekundu, ngege wawili wazima, figili kubwa iliyotokoswa, supu ya omena, na mtungi wa sake. Tukatandika mikeka sebuleni na kupanga vyakula mbele ya nafasi mbili tupu. Kitamura akavaa koti jeusi, akatoka kwenda kwenye kijibustani chake cha nyuma kumwita mgeni.

Ndipo mlango wa mbele ukabishwa. Alikuwa Mzee Ephantus, na fimbo yake na kofia yake.

"Waceke, nimekuja na neno la kamati," akasema, hata salamu hajamaliza.

Hapa ndipo ninapompendea yule mama. Kwetu sote, wa ziwani na wa mlimani, mzee hasimamishwi mlangoni hali chakula kimepakuliwa. Mwingine angesema, "Ngoja jikoni." Yeye alitazama mikeka, akamtazama Mzee, akasema, "Neno halikimbii, Mzee. Karibu ukae." Akamketisha mahali pa mwenye mpunga.

Nilitaka kumvuta nguo. Nilikuwa nimechelewa. Kitamura aliingia kwa mlango wa nyuma taratibu, mkono mmoja ameunyoosha kama anayemwongoza kipofu, akamkuta Mzee Ephantus ameketi nyuma ya samaki. Akasimama. Nilihesabu kazi yangu imeisha. Nikamwona akiutazama mkono wake mtupu, kisha akimtazama Mzee. Kisha akainama hadi chini.

"Karibu, mzee wa shamba. Maji moto tayari. Oga kwanza."

"Kwani nanuka?" Mzee Ephantus akauliza kwa ukali.

"Ni heshima yao, Mzee," akasema Mama Waceke haraka.

Mzee akaenda, akanawa uso, mikono na miguu kwa maji moto, akarudi akiwa mtu mwingine, amelegea kama aliyetoka kwa kinyozi. Kitamura akapiga magoti mbele yake, akaanza kumtajia. "Hii wali, maharagwe mekundu. Hii figili, tamu. Hii samaki, tafadhali, kutoka ziwa." Mzee hakuwa ameonja samaki tangu azaliwe. Lakini mtu akipigiwa magoti na kutajiwa chakula kimoja kimoja, atakataaje? Akamega kipande, akafumba macho, akala. Kisha akala tena.

Kitamura akageuka, akaionyesha nafasi ya pili. "Mama Waceke. Hapa. Shamba ni watu wawili."

Mama Waceke alifuta mikono kwa aproni, akaketi kando ya mwenyekiti wa kikundi, mgongo umenyooka. Mzee alimtazama kwa pembe ya jicho, kisha akakigeukia kikombe chake kilichokuwa kinajazwa.

Akainusa ile pombe. Mzee Ephantus alikuwa mtu wa kanisa pia, lakini pombe ya heshima ikifika mkononi, mila huamka. Akainuka, akatoka hadi kizingitini, akamwaga matone ardhini kwa ajili ya waliotangulia, akabariki kwa sauti: nyumba hii ipate amani, aliyepika pombe hii apate ardhi, na mazao, na ng'ombe. Sisi tukaitikia. Akarudi, akanywa, akafumba macho.

"Hii ni pombe," akasema. "Nimekunywa muratina ya wazee wote wa Nyeri, lakini hii! Bwana, umeipika wewe?"

"Hapana," Kitamura akajibu. "Mimi fundi ya mashine tu. Amepika yeye."

Akamwelekeza Mama Waceke kwa mikono miwili, kwa heshima. Mzee Ephantus akakishusha kikombe polepole. Kwa Wakikuyu, mtu mwenye haja hupeleka pombe kwa mzee, na mzee akishainywa na kuibariki, haja ile ameipokea. Hakuna asiyelijua hilo, na yeye alikuwa ametatua kesi nyingi kwa sheria hiyo hiyo. Matone yalikuwa bado yanaonekana pale kizingitini.

Mama Waceke hakumwacha apumue. 

"Mzee, ulikuja na neno la kamati. Sasa umeshiba. Liseme."

Mzee akautazama mlango, akamtazama Kitamura aliyekuwa bado amepiga magoti, akamtazama mwanamke aliyeketi kando yake mbele ya sahani yake mwenyewe. Akavuta pumzi, akachukua kofia.

"Jumamosi tunapima," akasema. "Kuja na panga yako, Waceke. Mpaka ya shamba inakatwa na mwenyewe."