Petroli Tupu kwa Pikipiki ya Mchanja Ng'ombe

Aliyekuwa akichanja ng'ombe wetu wa Lambwe amefariki. Ninyi mnaosoma safu hii kwenye ubao wa shule mlimjua kwa pikipiki yake nyekundu ya Kijapani, iliyolia kama nyuki ndani ya debe. Kabla yake, pikipiki zilikuwa za padri na chifu tu, na mwanamke alipanda nyuma, miguu upande mmoja. Yeye alimfundisha mkewe kuiendesha. Siku mama huyo alipoingia nayo soko la Kosele na sanduku la dawa, wanaume waliacha mazungumzo. "Shemeji, breki unazijua ama unaomba Mungu?" mmoja akauliza. "Nazijua. Wewe toka barabarani." Mwaka huohuo mwalimu mmoja wa kike naye akajifunza. Mimi ni jirani yao. Nilizoea kumwona marehemu akichanganya oili na petroli kwenye chupa kabla ya kujaza tangi. "Injini hii hunywa oili ndani ya petroli; petroli tupu itaiua," aliniambia.

Sasa niseme ya mazishi. Tunayo desturi ya kufukuza kifo kwa kukimbiza ng'ombe, tero buru. Safari hii binamu zake walitaka pikipiki itangulie. Mmoja alikuja na jerikeni ya petroli kutoka Isebania, akaimimina yote tangini. Nilikuwa hatua tatu tu, nimeshika sufuria ya uji. "Baba mdogo, oili," nikasema, kwa sauti niliyoisikia mwenyewe tu. "Omera, ndugu yangu, iache ingurume!" wenzake wakamwambia. Wakaingurumisha, wakacheka, wakaondoka kwa vumbi. Kabla ya kufika mtoni ikanyamaza. Kiki ikakataa kushuka. Wakairudisha kwa kuisukuma, wakaiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu, wakaja kuuliza kama nyama imeiva. Midomo iliyotoka kulia ikang'aa mafuta.

Mjane alifungua tangi, akanusa. "Nani ametia mafuta haya?" Wakatazama sahani. "Ng'ombe wa Lambwe wananingoja mwezi ujao. Nitafikaje?" Nami nikainamia sufuria ya uji.

Nimewachukia wale wanaume wiki nzima, vile walivyotafuna. Lakini wao hawakujua oili. Mimi nilijua. Mnanisifu hapa shuleni kwamba nina adabu, sisemi ovyo; acheni. Huu ni woga unaovaa sare safi. Siku ile ya mazishi, wakati wa kuondoka, yule mjane alinishika mkono, akanishukuru kwa kubeba uji. Nikamwambia, "Si kitu, mama."