Njia ya Mwambani Inapita kwa Shangazi

Kivutio cha kwanza kwenye orodha kilikuwa ufukwe. Mji wetu wa Arua hauna ufukwe. Bahari iko mbali kiasi kwamba wengi wetu tutazikwa bila kuiona, lakini mwenye baa moja upande wa Pajulu alileta mchanga wa mtoni kwa lori, akaumwaga kuzunguka bwawa la kuogelea lenye maji ya kijani, akasimamisha miavuli minne ya makuti ya plastiki, na kamati yetu ya utalii ikaandika: ufukwe. Nilikuwa nimewekwa kwenye kamati hiyo, mwisho wa meza, kwa sababu nilikuwa nasoma habari redioni na walidhani mtu wa redio anajua kuandika. Niliuliza kama hatuwezi kusema "bwawa". Mwenyekiti alinitazama kwa huruma.

"Mwandishi, mgeni hapana toka mbali kuona bwawa," alisema. "Bwawa iko kwao."

Basi ufukwe ukabaki. Baada yake kilikuja kilima cha Arua, ambacho mtu akipanda ataona mji ule ule aliotoka kuuacha chini, ila sasa anahema. Kikafuata kiwanja cha gofu, na mbele yake neno "wanyama". Nilikwenda kuwatazama hao wanyama nikiwa na daftari langu, maana nina ugonjwa wa kutaka kuona kwanza ndipo niandike. Walikuwa mbuzi watano.

Nilikwenda pia Koboko, na kutoka Koboko hadi pale nchi tatu zinapokutana. Rasimu ya kijitabu chetu ilikwisha kuahidi kwamba mgeni atasimama katika nchi tatu kwa wakati mmoja. Nilisimama. Nyasi za Kongo, nyasi za Sudan Kusini na nyasi zetu zilikuwa nyasi zile zile. Mwanamke aliyekuwa akiuza muhogo wa kuchoma pembeni aliniangalia nikihamisha miguu, akaniuliza nimepoteza nini.

Nilirudi nikaripoti. Wajumbe walisikiliza, wakanywa soda, wakaandika "tukio lisilosahaulika".

Kisha mwenyekiti akasema orodha inakosa kitu cha kale. Wageni wanapenda vya kale. Na mimi, ambaye nilikuwa nimekaa wiki tatu nikiwadharau moyoni, ndimi niliyefungua mdomo. Nilisema kwamba Ludara, huko Koboko, nyuma ya nyumba ya shangazi yangu, kuna mwamba mpana ambao ukisimama juu yake asubuhi unaona milima ya Kongo. Nikasema una mashimo ya mviringo juu yake, ya tangu zamani.

"Mashimo ya nini?" akauliza mwenyekiti.

"Wanawake walikuwa wakisagia ufuta na mtama. Shangazi mwenyewe amesaga pale alipokuwa mke mpya."

Jibu halikumpendeza. Kijitabu kilipotoka kwa mchapaji, mashimo yalikuwa yamekuwa nyayo za mfalme. Sisi huku hatukuwahi kuwa na mfalme. Tulikuwa na wazee wa koo na watu wa kuomba mvua, na hao walitembea kwa miguu miwili kama kila mtu. Mashimo niliyahesabu mwenyewe, ni kumi na saba. Lakini hilo lilikuwa kosa lao. Langu lilikuwa mistari miwili chini yake, na hakuna aliyeligusa: "Acha gari kando ya barabara. Fuata njia ya miguu, pita katikati ya boma la mama mzee, msalimie, kisha panda."

Niliandika "msalimie" kwa sababu sikutaka wageni wapite uani kwa shangazi kama wezi wa ng'ombe. Nilijiona nimeleta adabu kwenye kijitabu kisicho na adabu. Mtu yeyote wa kwetu angeona hatari iko wapi. Kwetu anayepita njiani hana deni na wewe, lakini anayeingia uani na kusalimu ni mgeni. Mgeni hupewa kiti. Aliyekaa kwenye kiti haondoki bila kula, na chakula chenyewe hakiwi majani matupu; mboga ya mgeni huungwa kwa karanga. Haya niliyajua tangu nilipojua kutembea, na bado niliandika.

Shangazi ni dada wa baba yangu, mjane wa mwanajeshi. Kiswahili chake alikijifunza kambini, akihama na mumewe kutoka kambi hii hadi ile, na mpaka leo anakisema kama mtu anayetoa amri kwa kuku. Mumewe amezikwa hapo hapo uani, chini ya kaburi la saruji lililo karibu na ghala. Tangu wakati huo anaishi kwa shamba lake, na shamba lake ni karanga. Ni zile ndogo nyekundu alizopewa na mama mkwe, ambazo huchagua mbegu zake mwenyewe kila mavuno na kuzihifadhi na maganda yake hadi mvua ya kwanza. Za sokoni hazitaki. Anasema zimechanganywa, nusu hazioti, na zinazoota hazijui ardhi yake.

Nilifika kwake mwezi wa tatu, siku ya Jumamosi, nikakuta gari jeupe barabarani. Uani kulikuwa na watu sita kwenye viti, na viti viwili kati ya hivyo vilikuwa vya jirani. Walikuwa wafanyakazi wa misaada kutoka makambi ya wakimbizi, waliokuja kupumzika kutokana na shida za watu. Mmoja alikuwa amelipiga picha kaburi la mume wa shangazi kwa sababu, alisema, mwanga ulikuwa mzuri. Mwingine alikuwa akikwangua sahani. Mwongozaji wao, mwanamume mwenye kofia ya kamati ambaye zamani aliendesha boda, alikuwa akieleza.

"Hapa wageni nakaribishwa na chakula ya kienyeji," alisema. "Iko ndani ya ziara."

"Kila Jumamosi?" akauliza mwenye sahani.

"Kila siku. Mama hapana choka."

Mama alikuwa jikoni, akisaga karanga. Wageni walipopanda mwambani kutazama miguu ya mfalme, niliingia ghalani. Mavuno ya mwaka jana yalimpa mbegu magunia mawili; nilikuwepo tulipoyafunga. Sasa gunia moja lilikuwa limekunjwa juu ya boriti. Jingine lilikuwa limelala chini, na nilipolikung'uta lilitoa kiasi kisichojaa beseni.

"Shangazi, hii ni mbegu," nilisema.

"Mimi najua iko mbegu. Nani aliweka?"

"Kwa nini unawapa?"

Alinyoosha mgongo, akapangusa mikono kwenye kitenge. "Mutu anaingia kwangu, anasema 'jambo mama'. Mimi nafanya nini? Naangalia yeye kama mbuzi?"

"Si wageni wako. Wamelipa ofisini. Wanadhani umelipwa."

"Wamesalimu," alisema. "Ile ya kwanza ilisema iko karatasi inasema wasalimu. Nikasema, hii karatasi iko na mzazi mzuri."

Sikumwambia usiku ule mzazi wa karatasi ni nani. Nilimwambia asubuhi. Akaniuliza kama huko redioni pia huwa nafikiri baada ya kusema.

Hesabu ilikuwa rahisi. Mvua ilikuwa wiki mbili mbele, pengine tatu. Asipopanda, hatavuna, na mwaka mzima atakula kutoka mikononi mwa wenzi wa watoto wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata mwaka alioachwa mjane.

Nilirudi Arua nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nilimkuta kwenye ufukwe ule wa baa, viatu kwenye mchanga. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyosoma habari: mbegu, mvua, wageni, njia. Kuna njia nyingine upande wa mashariki, nikasema. Ni ndefu kidogo lakini haiingii uani kwa mtu.

"Ramani imekwisha chapwa," alisema.

"Basi futeni neno 'msalimie'."

"Sasa wewe nataka wageni waseme watu ya Koboko hapana adabu?" Alitikisa kichwa. "Mwandishi, hii mama yako ndiyo kivutio. Kwa kitabu ya wageni hapana mutu nasifu jiwe. Wote nasifu chakula. Mwambie sisi nitampa kitu kidogo kila sahani."

Kwa mara ya kwanza katika kamati hiyo, mtu alikuwa amesema ukweli kuhusu kivutio. Nilipeleka maneno hayo Ludara, nikijua jibu.

"Kila sahani," shangazi alirudia. Alitazama upande wa kaburi. "Huyu mzee alikufa katika nyumba, sasa nyinyi nataka afufuke alale katika hoteli?"

"Basi funga mlango. Nenda kwa dada yako Jumamosi."

"Mimi nakimbia kwangu? Mimi iko mwizi?"

Nilimwomba aniruhusu nimnunulie mbegu sokoni. Alikataa hata kunitazama. Nilirudi kazini, nikasoma habari za watu wengine, na wiki mbili baadaye mvua ilinyesha Alhamisi mchana kutwa. Jumamosi nilipanda boda asubuhi na mapema.

Sikuiona njia. Kuanzia barabarani hadi uani, pale palipokuwa na ukanda mgumu uliokanyagwa hadi kung'aa, udongo ulikuwa umelimwa, mweusi na laini, pande zote mbili umepigwa mistari ya kupandia. Shangazi alikuwa katikati yake, ameinama, beseni kando ya mguu. Alikuwa amelima tangu Ijumaa alfajiri. Shamba lake halisi, lililo nyuma ya nyumba na lenye udongo mzuri, lilikuwa halijaguswa.

Nilizunguka pembeni kama mtu mwenye akili, nikachukua jembe, nikaanza kufukia. Saa nne hivi gari jeupe likasimama, na mwenye kofia akashuka na watu wake, mara hii wakiwa wanane. Alifika mwisho wa udongo, akasimama kama aliyefika mtoni. Ni mtu wa kwetu. Hakuna mtu wa kwetu anayekanyaga mbegu iliyofukiwa leo.

"Mama, njia iko wapi?"

"Iko imekufa."

"Mama, hawa wametoka Kampala."

"Salimia wao."

Wageni wakasalimu, mmoja mmoja, kwa sauti za watu waliofundishwa ndani ya gari. Shangazi akawajibu wote wanane, hakuruka hata mmoja. Lakini hakunyoosha mgongo. Aliyekukuta shambani hujakosana naye ukimjibu salamu na kuendelea kulima. Yeye hupita, nawe hubaki na kazi yako. Hana kiti, kwa hiyo hana sahani. Mwenye kofia alilielewa jambo hilo kabla ya wote. Aliiangalia nyumba, akatuangalia sisi, akavuta kofia mbele.

"Ziara imefungwa?" mmoja akamwuliza.

"Iko msimu," alisema. Na nilimsikia mwingine, wakirudi garini, akiuliza kuhusu chakula.

Gari lilipoondoka, beseni lilikuwa limekwisha. Tulikuwa tumebakiza hatua kama kumi na tano kufika uani, na hatukuwa na punje hata moja. Nilidhani tutaishia hapo. Shangazi alirudi alipoachia, akapiga mstari, akachimba shimo, akalifukia bila kutia kitu, akasogea.

"Wewe nangoja nini?" alisema. "Fukia. Hapana mutu ataona."