Mapindo Matatu

Mke wa mwanangu alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mimi mama mkwe wake. Mwaka aliokufa ulikuwa mwaka wa shughuli nyumbani kwetu. Kitinda mimba alianza shule, binti mkubwa akaolewa, na kati ya hayo mawili kulikuwa na jambo ambalo Fundi alilijua peke yake. Nina umri wa kusahau, lakini sijasahau. Waliosoma kuliko mimi ndio huniuliza mimi tarehe za ndoa zao.

Cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha, mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Ukiingia kwetu ilikubidi uangalie unapokanyaga, maana pini haina adabu, haijui mgeni wala mwenyeji. Mwanangu ni mwoka mikate. Hutoka kabla hakujapambazuka, akirudi husinzia kwenye kiti na unga ungali kwenye nyusi. Mkewe alikuwa akimwambia, "Baba Kifungo, siku ukinyeshewa njiani tutakukanda tukupike."

Kifungo ndiye huyo kitinda mimba. Alipoanza kutambaa alikuwa akiokota vifungo chini ya cherehani na kuvitia mdomoni, jina likamganda. Mwaka huo aliingia darasa la kwanza, na mama yake akamshonea sare ya buluu, mabega mapana, pindo nene kama mkanda wa askari.

"Umemshonea mtoto au umemshonea mwalimu wake?" nikamuuliza.

"Atakua, mama."

"Kwani akikua wewe utakuwa umehama?"

Akacheka, akakata uzi kwa meno.

Haukupita muda, binti mkubwa, ambaye alikuwa mhudumu wa duka katika mji mwingine, akaposwa na fundi bomba. Kijana alikuja na wazee wake, wakakaa, wakasema lililowaleta, tukaridhika. Mwanangu naye hakuacha utani. "Afadhali," akasema, "bomba la jikoni litapata daktari." Kijana wa watu akainuka palepale akaenda kuliangalia, nami nikajua tumepata mtu.

Sasa likaja suala la gauni.

Watu wengine wote Fundi aliwapima kwa futi, akawazungusha kama chungu kwa mfinyanzi. Binti yake hakumpima. Tangu msichana apevuke, yeye na mama yake walikuwa kiwiliwili kimoja, mabega yaleyale, kiuno kilekile. Nguo ya binti, Fundi aliivaa mwenyewe mbele ya kioo, akabana pini huku, akalegeza kule, akaivua akashona. Ikimfikia binti, inamkaa kama ngozi yake. Kwa hiyo msichana alipopiga simu akitaka kutuma vipimo, mama yake karibu atukane.

"Vipimo vya nini? Vipimo vyako ninavyo mwilini, natembea navyo."

Alilishona lile gauni polepole, kila wateja walipompa nafasi. Lilikuwa la rangi ya maziwa, na nyuma lilikuwa na mkia mrefu, kwa sababu binti aliutamani mkia tangu utotoni, alipokuwa akijifunga shuka kiunoni na kufagia nalo sebule yote.

Na wakati huo Fundi alikuwa akikonda. Nasema hivyo leo. Wakati ule hakuna aliyeona, hata mimi ninayeona mpaka yasiyonihusu. Mtu akikonda, nguo zake humsema. Za Fundi hazikumsema, maana kila zilipomlegea alizipitisha kwenye cherehani akazibana, na asubuhi yuko nadhifu kama kawaida. Chakula alikigawa kwa wengine. "Nimeonja sana jikoni," alisema. Kuna siku aliaga anakwenda kununua uzi, akarudi jioni mikono mitupu.

"Duka gani hilo la uzi," nikamuuliza, "lenye foleni ya kutwa?"

"Mama, wewe hata ukifa utarudi kukagua kama kaburi lako limenyooka."

Tukacheka wote wawili. Nilimpenda kwa ulimi huo. Wake wa wanangu wengine huniitikia "ndiyo mama, ndiyo mama" kama kasuku, kisha wananisengenya jikoni. Huyu alinisema usoni.

Binti alifika wiki ya harusi. Tukaingia chumbani kwangu, chenye kioo kikubwa, sisi watatu, ajaribu gauni. Likapita mabegani kwa shida. Zipu ikagoma. Nikavuta, nikamwambia avute pumzi, nikavuta tena. Mgongoni palibaki mwanya unaoingia kiganja.

"Umenenepa huko uliko?"

"Mimi, bibi? Sketi hii niliyokuja nayo ni ya mwaka juzi, na ni mama aliyeishona."

Akalivua, akamnyooshea mama yake. "Hebu livae wewe."

"Nimeacha sufuria motoni," Fundi akasema.

Binti akauegemea mlango. "Livae, mama."

Akalivaa. Zipu ikapanda yenyewe, na gauni likamkaa kama ngozi. Hapo tukaona. Binti akamsogelea, akamshika mkono juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana upande wa pili.

"Nilijipima mimi," Fundi akasema taratibu, akijitazama kiooni, "nikasahau kwamba mimi si yule tena."

Ndipo akatueleza. Uvimbe tumboni. Daktari alishamwambia kwamba umeenea, hakuna kisu cha kuufuata. Hakutaka kusema, kwa kuwa alitaka jambo moja tu: mwanawe aolewe siku yake, ndani ya gauni la mkono wake, naye mwenyewe akae mbele kama mama wa bibi harusi, si kama mgonjwa aliyeletwa kuaga.

"Harusi tunaahirisha," binti akasema. "Kesho twende hospitali."

"Hospitali nimekwenda. Harusini ndiko sijaenda."

Mwanangu aliporudi kazini na kuambiwa, alikaa kitandani na unga wake. Kisha akamuuliza, "Na mimi ungeniambia lini?"

"Ulikuwa umelala," mkewe akamjibu. Hakumlaumu. Alisema kweli tu, na ndiyo iliyomchoma.

Wakanigeukia mimi. Nikasema, "Mwacheni mtu amalize kazi yake."

Kitambaa kile dukani kilikuwa kimekwisha. Fundi akalitandaza gauni mezani, akashika mkasi, akaupeleka kwenye mkia.

"Mama, si mkia!"

"Unayeolewa ni wewe. Mkia hauolewi."

Akakata vipande viwili virefu vya kutia ubavuni. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya kwa mtoto huyo tangu awe mwanamwali. Akatoa futi, akampima. Binti alisimama mikono juu kama mtu aliyekamatwa, machozi yanamchuruzika mpaka shingoni.

"Usilie," mama yake akamwambia, pini mdomoni. "Kifua kinapanda, vipimo vinanipotea."

Siku ya harusi Fundi alikaa mbele, nguo yake imembana vizuri, mgongo wima, na wageni hawakujua lolote. Wanawake walivipenda vile vipande vya ubavuni, wakadhani ni mtindo mpya. Mmoja akamwendea palepale. "Fundi, nami nataka kama hili."

"Njoo mwezi ujao," akamjibu, na hata sauti haikutetereka.

Mwezi huo ulipofika hakuweza kushika mkasi. Alikufa mchana, cherehani imefunikwa shuka, mwanangu akiwa kando yake, macho. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. Siku ya kuzika niliwatangulia wote, nikaenda kuliangalia kaburi pande zote. Lilikuwa limenyooka.

Sasa shule zimefunguliwa tena. Kifungo amerefuka, sare imempanda juu ya magoti, nami nikaketi dirishani kufumua lile pindo nililolicheka. Kumbe si moja. Ni mapindo matatu, moja ndani ya jingine, kila moja na uzi wake, ukivuta mmoja mengine hayaguswi. Siku hizi najiuliza kama mama yake alijua tangu siku ile alipokata uzi kwa meno. Nikavuta wa kwanza. Nguo ikashuka, na pale chini pakatokea ukanda wa buluu iliyoiva, ambayo jua halijaiona.

"Bibi, mwakani itashuka tena?"

"Itashuka. Bado mawili."

"Na yakiisha?"

Nikamwambia ageuke nione kama imenyooka.