Walimzika Mama Nikiwa Armenia

Mdogo wangu Anne-Marie alinificha kifo cha mama yetu mpaka akazikwa. Watu wa kikundi cha sala niliosafiri nao walijua, wakanyamaza. Huo ndio ubaya niliotendewa, na ninautaja kwanza ili mtu asidhani ninalalamikia safari.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Mimi sikusoma. Ninasafisha ofisi hapa ughaibuni, karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, na tangu nitoke Likasi, kwetu Katanga, sikuwa nimepanda ndege tena. Tonton Mukendi, mkubwa wa kikundi chetu hapa mtaa wa Saint-Gilles, alipotuambia kwamba Armenia ni nchi ya Wakristo wa kale sana, nikampigia mama simu. Alikuwa anaumwa kifua. Akasema, "Wende, mwanangu. Ukifika kule, uniombee." Basi nilikwenda kumwombea apone. Sikuwa na sababu nyingine.

Siku ya kwanza tulicheka sana. Kijijini kulikuwa na mwanamke anayeoka mkate ndani ya shimo la udongo lenye moto. Anaubandika ukutani mwa shimo, anautoa mwembamba, mrefu kuliko mkono wake. Wanauita lavash.

"Maman Kalenga, angalia!" Mukendi akaniambia. "Huyu mama anapika shuka!"

"Bon, tukule," nikamjibu. "Ile itabakia utajifunika nayo. Na vile unakoroma, baridi itakimbia yenyewe."

Kesho yake hakuna aliyenitania. Graciella, niliyelala naye chumba kimoja, ambaye hata mkoba wake huuona mzito, akaninyang'anya begi langu. "Leta sac, maman, nitabeba miye." Ndani ya basi wakaniweka kiti cha mbele. Wakati wa chakula Mukendi akanichagulia nyama ya kuchoma iliyo laini, akaiviringisha ndani ya lavash, akanitia mkononi kama mtoto. "Kula, maman. Njia ingali murefu." Nikadhani wameanza kuniona mzee.

Nikapiga simu nyumbani. Akapokea binti wa kaka yangu, ambaye bibi yake humwita Koko. "Koko analala, tantine." Nilipopiga tena, bado analala. Nikafurahi. Mgonjwa wa kikohozi akipata usingizi, ni nafuu.

Tukafika Khor Virap, kwenye shimo ambalo wanasema Mtakatifu Gregori alifungiwa ndani yake kabla mfalme wa kule hajabatizwa. Unapita tundu jembamba, unashuka ngazi ya chuma iliyosimama wima.

"Acha tu, maman," Graciella akaninong'oneza. "Ukikwama, tutakutoa na nini?"

"Na mafuta ya mawese," nikamwambia, nikashuka.

Chini kuna joto na harufu ya mishumaa. Nikapiga magoti juu ya mawe, nikataja jina la mama lote, la ubatizo na la ukoo, Mungu asije akampa uzima mtu mwingine. Nilipotoka nikawaambia, "Nimemwombea. Atapona." Graciella akageuka kutazama mlima wa Ararati. Mukendi akasema tu, "Bon. Bon, maman."

Siku iliyofuata tulikwenda Geghard, kanisa lililochongwa ndani ya mwamba. Sauti ikitoka kinywani inazunguka, inakurudia ikiwa imenenepa. Mwongoza wageni akaomba mmoja wetu aimbe. Wote wakainamisha vichwa. Nikaimba mimi, wimbo wa Bikira Maria, ule wa furaha tunaoupigia makofi. Wenzangu wakalia. Nikajisifu moyoni kwamba bado nina sauti. Baadaye nilikuja kujua kwamba saa ile, Likasi, walikuwa wanashusha sanduku kaburini.

Tuliporudi, nikafungua mlango wangu hapa Saint-Gilles. Meza imeondolewa. Viti vimepangwa kufuata ukuta, vingine si vyangu. Akina mama wa Katanga wamekaa, vitambaa vyeusi kichwani. Kwetu hapo hakuna la kuuliza. Nikakaa chini na koti langu.

"Muntu haambiwi kifo akiwa mu njia," Anne-Marie, niliyemwachia ufunguo, akaniambia, ananishika mabega. "Ungeanguka kule mu milima, nani angekushika?"

"Si walikuwa wananishika tayari? Walinibebea hata sac."

"Ulikuwa umeenda kusali, yaya, dada yangu. Sikutaka kukuharibia."

Yeye aliyaona mazishi kwenye simu, kwake Evere, mtaa mwingine wa mji huu, na watoto wake wamemzunguka. Mimi ndiye mkubwa, na udongo wa kwanza ulitupwa na mwingine.

Siku za kilio ziliisha, wakachukua viti vyao. Sasa natoka kazini, napika bukari, ugali wa kwetu, kidogo tu, nakula nimesimama. Kwenye sala siendi tena. Mukendi akiniona sokoni hupita upande wa pili.

Juzi, kwenye simu, lilimponyoka Anne-Marie kwamba mama alimpigia siku ile ya mwisho na kuniulizia. Nikamwambia aniambie alichosema. "Bado, yaya. Siku utakuwa umetulia." Ananificha tena vilevile.

Nimetulia. Anne-Marie bado ana deni la maneno ya mama. Aje hapa akae mbele yangu, ayaseme yote, hata kama ni mabaya. Na Mukendi na Graciella, nao waje, kila mmoja kwa miguu yake, aniambie alijua tangu lini.